Jaji Aliyemuua Mfalme Orbeli

Isogai Shunji alipata riziki yake kwa kutoa hukumu, na karibu hukumu zake zote zilikuwa moja: saba.

Tulikuwa pamoja katika jarida la Kidole Gumba, mtaa wa Kanda, Tokyo. Yeye alikuwa jaji wa gemu za video, mimi msahihishaji. Kila Alhamisi jarida lilitoka na ukurasa wa majaji watatu, na kila jaji aliipa gemu mpya alama zake kati ya kumi. Gemu mbovu Isogai aliipa sita, akaandika kwamba itawafaa wenye subira. Gemu nzuri aliipa nane. Zilizobaki zote zilipata saba. Nilimsahihishia kwa miaka sita, mwishowe nikawa naandika saba kwa penseli pembeni hata kabla karatasi yake haijanifikia, na sikumbuki kama niliwahi kuifuta.

Msije mkamdhania mvivu. Ujanani alizipenda gemu kama wengine wanavyopenda mpira. Mwaka 1984 alishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya duka moja kubwa huko Sendai, na kile kikombe cha bati bado kilikuwa juu ya kabati lake. Ila kazi ilimletea gemu sita kwa juma, kila moja ikitaka saa arobaini za mchezaji, na Mungu alimpa mikono miwili tu. Akajitengenezea utaratibu: saa tatu kwa kila gemu, kisha anasoma kijitabu cha maelekezo, kisha anaandika. Ukimuuliza, alikuwa na jibu.

"Mpishi hamalizi sufuria nzima ili ajue kama chumvi imekolea."

Maneno yake aliyoyapenda yalikuwa "mizani," "kina" na "picha zenye roho." Kulikuwa na gemu ya kuvua samaki aliyoisifu kwa kina, na hakutania. Wasomaji walimjua kwa jina la Jemadari Isogai. Mchoraji wetu alikuwa amemchora na kofia ya chuma na masharubu mazito, ingawa mwenyewe alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini na mitatu, asiyeota hata ndevu za maana.

Novemba ya mwaka 1997 ikaletwa gemu iitwayo Ngome za Velmora. Ilikuwa gemu ya vita vya akili: majeshi yanasogezwa kwenye miraba kama kete za sataranji, na humo mna wachawi, majoka, na ngome zilizofunikwa na theluji. Walioitengeneza walikuwa kampuni changa ya watu kumi na wanane, lakini walikuwa wamejikaza wakachukua jalada letu la nyuma kwa matangazo ya majuma manane. Mhariri Mkuu wetu, Bwana Ubukata, akamwita Isogai mezani kwake. Meza yangu ilikuwa hatua tatu kutoka hapo, na Bwana Ubukata hakuwa na sauti ya chini.

"Isogai, mimi siingilii hukumu yako. Wewe ni jaji huru."

"Ahsante, Mhariri Mkuu."

"Ila saba kwa mtu aliyechukua jalada zima la nyuma... hata wewe ungejisikiaje?"

"Nane, basi?"

"Mimi sijataja namba."

"Tisa?"

"Haya, umesema mwenyewe, mimi sina neno. Na safari hii niondolee hizo kina zako. Weka kitu cha moyo. Msomaji atafute leso."

Ijumaa Isogai akaibeba mashine ya majaribio pamoja na diski ya gemu hiyo, akaenda nayo kwake Kawaguchi, ng'ambo ya mto. Huko aliishi na mkewe Kayoko, aliyekuwa muuzaji katika duka la dawa, na mama mkwe wake, Bi Kuroiwa Mizue, mjane wa miaka sabini na mitatu.

Huyu Bi Mizue alikuwa ametia chai kwa miaka thelathini katika klabu moja ya shogi, sataranji ya kwetu, kule Asakusa. Katika miaka yote hiyo hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia, "Keti, cheza na wewe." Aliinama, akamimina, akasimama kando na birika lake, akatazama. Macho yake yalikuwa yamecheza mara elfu nyingi. Mikono yake, hata mara moja.

Jumamosi asubuhi Isogai aliketi sebuleni, miguu ndani ya blanketi la meza ya joto, akacheza huku akimenya machenza. Mama mkwe alikuwa akifuma nyuma yake.

"Shunji, huyo mzee mwenye mkongojo, mbona umemwacha peke yake langoni?"

"Huyo ni Mfalme Orbeli, Mama. Hana kazi. Anasogea mraba mmoja tu."

"Hata mfalme wa shogi husogea mraba mmoja. Na bado wote wanamfia yeye."

"Hii ni gemu ya kisasa, Mama."

"Naona. Usasa wake ndio umemfanya anyolewe na wale wenye mashoka sasa hivi."

Kweli, mzee akapigwa, na vita vikaanza upya. Zilipotimia saa zake tatu, Isogai alikuwa katika sura ya pili. Akampa mama mkwe padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, kwa nusu mzaha, akageukia upande wa pili wa meza, akaandika hukumu yake. Kitu cha moyo hakikumjia. Alisoma kijitabu cha maelekezo, akaona picha ya mfalme mwenye ndevu nyeupe. Akafikiri: wafalme wazee katika hadithi kama hizi huwa hawafiki mwisho. Hayo aliniambia mwenyewe baadaye. Akaandika, akaipa tisa, akaenda kulala kidogo.

Bi Mizue hakuiweka chini ile padi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi akishaosha vyombo, alikaa mbele ya televisheni mpaka taarifa ya habari ya saa sita. Wiki ya kwanza vidole vilimsumbua, akawa anazitaja alama za vitufe kwa sauti kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Kisha akaanza kuona mambo. Aliona kwamba theluji huchosha farasi kuliko watu. Aliona kwamba mkate ukiisha, askari hakai kufa njaa kwa ajili ya heshima yako. Anatoroka, na baada ya misimu miwili unamkuta kijijini kwao ameshika jembe, na ukimwita anakuambia subiri nivune kwanza. Jambo hilo lilimfurahisha sana. Na aliona lile ambalo kijitabu hakikulieleza: popote alipokuwa yule mzee wa mkongojo, askari waliomzunguka hawakutoroka hata mkate ukiisha. Basi akamweka katikati ya jeshi, na jeshi zima likawa linatembea mwendo wa mzee. Alimvusha milima miwili hivyo, mraba kwa mraba.

Jarida lenye hukumu lilitoka Alhamisi ya juma la tatu. Jioni, Kayoko akipakua wali, Bi Mizue alivaa miwani, akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti, polepole.

"'Mfalme Orbeli alipofumba macho katika sura ya mwisho, padi ilinidondoka. Machozi yalinitiririka, wala sikuona haya. Tisa.'" Akavua miwani. "Ulilia wapi, Shunji?"

"Wapi vipi, Mama?"

"Nauliza chumba. Maana mimi nilikuona hapo ulipo, unakula machenza."

Kayoko akajificha nyuma ya bakuli lake la supu, mabega yakimtikisika.

"Ni lugha ya kazi tu, Mama."

"Haya, lugha ya kazi. Na hiyo sura ya mwisho umeionea wapi? Mimi jana nimemaliza ya tisa. Ikaja picha nyeusi, imeandikwa, 'Ahsante kwa kujaribu. Sura ya kumi hadi ya kumi na nne bado zinatengenezwa.'"

Isogai akaweka vijiti chini. Alikuwa amemlilia mtu katika sura ambayo haijazaliwa.

Jumatatu yake, saa nne asubuhi, mkuu wa ile kampuni changa akaingia ofisini kwetu na boksi la keki za maharage. Aliitwa Sagisaka, kijana wa miaka thelathini na ushei, shati lake limefungwa kifungo kimoja pasipo pake. Alipouliza Jemadari Isogai ni yupi, Isogai alinitazama mimi kama mtu anayetafuta dirisha.

Sagisaka akainama mpaka nikauona upara wake unaoanza. "Bwana Isogai, nakushukuru kwa tisa. Lakini imenibidi nije. Katika gemu yetu mfalme hafi. Mwishoni anarudi kwao kufuga mbuzi."

Bwana Ubukata akaacha kalamu.

"Sasa," Sagisaka akaendelea, "tangu Alhamisi maduka hayaachi kupiga simu. Watu wanaweka oda mara tatu ya tulivyotegemea. Wanauliza, ni kweli inaliza? Watu wangu wa mauzo wamekaa kikao jana Jumapili, wakaniambia, mzee afe. Tumeahirisha gemu kwa majuma sita. Sasa nimekuja kukuuliza, kwa heshima zote..." Akatoa daftari. "Anakufaje?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Niliuona ukweli ukipanda kooni kwa Isogai, ukafika karibu na ulimi. Bwana Ubukata naye aliuona, akapiga makofi mara moja kwa nguvu.

"Mnaona? Jaji anayeiona gemu mpaka mahali watengenezaji wenyewe hawajafika! Mwambie, Isogai, mwambie!"

Isogai akalitazama lile daftari. "Peke yake," akasema. "Usiku, kwenye theluji. Anatoka nje ya hema bila kumuaga mtu."

Sagisaka akaandika yote. Aliuliza kama kuna muziki. Isogai akasema filimbi.

Gemu ikatoka Februari. Juu ya kila boksi palibandikwa karatasi nyekundu: *Machozi yalinitiririka — Jemadari Isogai.* Waliowahi kununua walipewa leso iliyotariziwa mkongojo. Nchi nzima ikalia. Wanafunzi walilia, makarani walilia, na wasomaji wakatuletea barua wakitaja dakika waliyoanza kulia, kama watu wanaoshindana mbio. Isogai aliitwa kwenye televisheni, kipindi cha asubuhi, akaulizwa siri ya kuhukumu gemu. Alisema kina. Bwana Ubukata akamhamishia meza ya dirishani.

Bi Mizue hakutaka diski ya bure. Alipanga foleni siku ya kwanza kwenye duka lililo karibu na stesheni ya Kawaguchi, katikati ya vijana waliomzidi kimo kwa kichwa na nusu, akanunua yake kwa pensheni yake. Akaanza upya kutoka sura ya kwanza. Alicheza asubuhi zote za Februari. Isogai akirudi jioni alipewa habari za vita kama anayepewa habari za majirani: leo tumevuka mto, leo yule mpiga mishale wa kaskazini kaoa, leo nimepoteza watu wanne kwa uzembe wangu mwenyewe.

Siku moja mwanzoni mwa Machi, Isogai aliporudi saa moja jioni, alikuta televisheni imezimwa na meza haina chakula. Kayoko alikuwa bado kazini. Bi Mizue ameketi, padi imekunjwa waya wake vizuri mapajani.

"Mama, unaumwa?"

"Kafa."

Isogai akavua koti, akakosa mahali pa kulitundika, akabaki nalo mkononi.

"Saa sitini na moja nimemlinda mzee wa watu," Bi Mizue akasema. "Njaa imempita, majoka yamempita. Sura ya kumi na nne nimeshinda, nimeshinda kabisa, sikupoteza hata mtu mmoja. Halafu ikaja sinema. Mzee anaamka usiku, anatoka kwenye theluji bila koti. Mimi nabonyeza kila kitufe, hawanisikilizi. Walinzi wangu kumi na wawili wamesimama pale hemani, hakuna hata mmoja anayemuuliza, babu, unakwenda wapi? Mtu aliyevuka milima miwili anatoka nje kufa kwa sababu gani? Nani kamuua, Shunji?"

Isogai aliniambia kwamba alikuwa na majibu kadhaa tayari. Lugha ya kazi. Watu wa mauzo. Mhariri. Lakini mama mkwe hakuwa amekasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi, Mama."

Akamweleza yote, na daftari la Sagisaka, na ile filimbi.

Bi Mizue akasikiliza mpaka mwisho. "Na filimbi yenyewe mbaya," akasema, akaenda kuosha mchele.

Siku nane baadaye kadi ya wasomaji ikafika mezani kwangu. Ndani ya kila jarida letu tulikuwa tunaweka kadi ya posta kwa ajili ya maoni, na nyingi zilikuja na michoro ya majoka. Hii ilikuwa imejazwa kwa mwandiko mdogo ulionyooka, pande zote mbili, mpaka kwenye ukingo wa stempu.

"Mimi si mwenyeji wa michezo hii," iliandikwa, "lakini nimecheza huu kwa saa sitini na moja. Uzuri wake ni kwamba unamheshimu mtu mdogo. Askari ana njaa, ana kwao, ana shamba. Mchezaji akiwa na pupa, anaachwa. Jambo hilo nimeliona kwa wanaume wazima wakicheza shogi, sikudhani mashine inaweza kulijua. Ubaya wake ni kwamba sura ya nne ina kinamasi kisicho na maana, na mchawi wa kusini ana nguvu mno, ukiwa naye huhitaji akili. Kisha kifo cha mfalme. Mchezo umenifundisha kwa sura kumi na tatu kwamba aliye karibu na watu hatoroki na hatorokwi. Halafu mwishoni anawatoroka. Aliyeandika kifo hicho hajacheza mchezo huu. Mpaka sura ya kumi na tatu, tisa. Sura ya kumi na nne, mbili. Kuroiwa M., Kawaguchi."

Sikujua Kuroiwa M. ni nani. Nilimpelekea Bwana Ubukata, akacheka, akasema ichapwe, itawachokoza waliao. Isogai aliisoma kadi ile kwenye karatasi za kusahihisha, ikiwa na alama zangu nyekundu. Masikio yakambadilika rangi. Angeweza kuniomba niiondoe. Alirekebisha koma moja, akanirudishia.

Zikaja barua mia nne, na zaidi ya nusu zilisema hivyo hivyo: mama huyu, au babu huyu, amesema tulichokiogopa kusema kwa kuwa tulikuwa na leso mkononi. Bwana Ubukata, ambaye hunusa upepo kuliko mwewe, akaamua Kuroiwa M. awe jaji wetu wa nne. Akanunua boksi la matikiti madogo ya gharama, akaniambia nifuatane naye, tukashika treni mchana mpaka Kawaguchi na ile anwani mkononi.

Siku hiyo Isogai alikuwa ameomba ruhusa, anaumwa mafua. Ndiye aliyetufungulia mlango, amevaa koti la pamba la nyumbani, pua nyekundu.

"Isogai!" Bwana Ubukata akasema. "Umetutangulia? Nawe unamtaka?"

"Naishi hapa, Mhariri Mkuu."

"Kwa Kuroiwa?"

"Ni mama mkwe wangu."

Bwana Ubukata akatazama anwani, akatazama kibao cha mlangoni, akatazama matikiti. Kutoka ndani ikasikika sauti: "Shunji, usimsimamishe mgeni kwenye baridi!"

Tukaingia. Bi Mizue akatumiminia chai, na katika maisha yangu sijaona mtu akimimina vile, bila tone wala sauti. Alimsikiliza Bwana Ubukata mpaka mwisho, akasema atakubali kwa sharti moja dogo: kando ya alama za kila jaji, iandikwe amecheza saa ngapi.

"Hilo tu?" Bwana Ubukata akacheka kwa nafuu. "Hilo tu, mama? Kesho asubuhi!"

Nadhani alikuwa hajawahi kuwauliza majaji wake swali hilo, ndiyo maana aliona ni dogo.

Toleo la kwanza lenye jaji wa nne likatoka hivi: Kuroiwa, saa arobaini na nne. Jaji wa pili, saa ishirini, na sote ofisini tulijua ni uongo. Wa tatu, "za kutosha." Na Jemadari Isogai akaandika kweli tupu: saa tatu. Chini yake akaongeza, bila kuulizwa, "kama siku zote."

Bwana Ubukata alipiga kelele mpaka vikombe vikalia. Kampuni tatu zikaondoa matangazo. Wasomaji wakarudisha leso, baadhi zikiwa hazijafuliwa. Mstari ule wa saa ulidumu matoleo matano, kisha ukafutwa kwa sababu ya ufinyu wa nafasi, na siku hiyo hiyo Bi Mizue akaaga. Alituachia mtungi wa achari ya figili. Mpaka leo anacheza asubuhi, na hakubali kuulizwa anaipa gemu alama ngapi kabla hajaimaliza.

Isogai hakufukuzwa. Aliomba mwenyewe ahamishiwe idara ya ramani, chumba kisicho na dirisha ghorofa ya chini. Huko huchorwa njia za kila pango na kila ngome kwa ajili ya waliokwama, na mtu huwezi kuchora pango usiloingia. Mshahara ukapungua, kofia ya chuma na masharubu akapewa mwingine. Mwaka wa kwanza alimaliza gemu kumi na moja. Kifundo cha mkono kilimuuma, akakifunga bandeji. Kayoko aliniambia sokoni kwamba mumewe siku hizi akikaa kula anazungumza mpaka wali unapoa.

Juma lililopita nilishuka kwake na ramani ya mapango ya chumvi, nimezungushia kosa moja: katika maelezo kisanduku kiko mraba wa tatu, katika mchoro kiko wa nne.

"Mraba wa tatu," akasema Isogai. "Naukumbuka."

"Basi nisahihishe mchoro. Hakuna atakayejua tofauti."

Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba nimemtukana mtu tunayemfahamu wote wawili. Akawasha mashine, akanisogezea kiti. Tulitembea mle pangoni dakika arobaini, tukapigana na popo, tukapotea mara mbili.

Kilikuwa mraba wa nne.